Jua la Kalemie halizami ziwani

Ukiuziwa picha ya jua likizama ziwani, minazi miwili pembeni na mtumbwi mweusi katikati, na muuzaji akakuapia, "Papa, hii ni Kalemie yetu kabisa," rudisha pesa mfukoni. Jua la Kalemie halizami ziwani. Mji huu wa Kongo uko ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika: jua huchomoza majini, upande wa Tanzania, na jioni hujificha nyuma ya vilima, njia ya kwenda Nyunzu na Kabalo. Mwenye hamu ya kuliona likitumbukia majini avuke aende Kigoma.

Aliyechora hakukusudia kumdanganya mtu. Alichora kile ambacho wanunuzi wamezoea kukiita ziwa, na picha yake ingeuzika vilevile Bujumbura au Mwanza bila kubadilishwa hata wingu. Kila kilichomo kinatambulika: mnazi ni mnazi, mtumbwi ni mtumbwi. Mahali ndipo hapamo. Kwa hiyo nikisikia watu wakilalamika kwamba michoro dhahania ya mandhari, ile isiyoonyesha nyumba wala mti ila rangi na maumbo, ni sanaa ya Wazungu isiyotuhusu, huwa najiuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ngeni zaidi kwetu. Kipande cha kijivu kilichokaa juu ya kipande kingine cha kijivu kinaweza kuwa Kalemie ya mwezi wa Agosti kwa uaminifu ambao minazi ile haitaufikia.

Kijivu hicho hakikubuniwa na mtu. Mvua zikikatika, kuanzia Mei hivi, nyasi za vilimani huanza kuchomwa moto, na moshi na vumbi hujaa hewani hadi Septemba. Ziwa, ambalo mbele ya Kalemie lina upana wa makumi ya kilomita, linaungana na anga. Ule mstari wa upeo wa macho, ambao mtoto wa shule hufundishwa kuupiga kwanza kwa rula kabla hajachora kitu kingine, haupo. Mtumbwi unaorudi na ndagala unaonekana umening'inia hewani. Halafu mvua za kwanza zinaosha anga, na asubuhi moja milima ya Mahale inasimama ng'ambo, zambarau iliyopauka, na kilele chake cha Nkungwe chenye mita 2,462. Mtu aliyehamia mjini mwezi wa Juni anaweza kumaliza miezi bila kujua kwamba upande ule kuna milima. Mchoraji anayekaa hapa ana mandhari mbili katika dirisha moja, na moja kati ya hizo haina umbo lolote la kushikika. Huyo akitaka kuchora Agosti kwa ukweli, atachora nini kama si rangi?

Halafu kuna buluu, na hapa inafaa kutulia kidogo, maana buluu ya Tanganyika inasemwa sana na kutazamwa kidogo. Wengi huamini ni anga tu inayojitazama majini. Anga inachangia, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maji yenyewe. Mwanga wa jua ukiingia ndani ya maji, nyekundu humezwa kwanza, ndani ya mita chache za juu. Buluu ndiyo husafiri mbali, na ndiyo hurudi kwenye jicho. Maji yakiwa na tope au mimea mingi midogo, hesabu hiyo huharibika na kijani au kahawia huchukua nafasi. Tanganyika ni ziwa safi na lenye kina cha ajabu, mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kuliko pote, la pili duniani baada ya Baikal. Panda kilimani uangalie chini mchana wa mvua zikiwa zimetulia. Karibu na mchanga utaona kijani chepesi, kisha mpaka ulio wazi, kisha buluu iliyokolea ghafla pale ambapo ardhi inateremka. Mito ikiwa imeshusha udongo wa milimani, ukanda wa rangi ya matofali huingia kati na kujikunja kwa kufuata upepo. Maumbo matatu, rangi tatu, na hakuna hata moja linalohitaji mnazi ili lieleweke.

Na chini yake? Kati ya mita mia moja na mia mbili kwenda chini, kutegemea sehemu ya ziwa, oksijeni inakwisha. Samaki hawaishi huko. Maji yote yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, ni giza lisilo na mvuvi wala mwenyeji. Hakuna aliyewahi kusimama mahali akaiona sehemu hiyo ya ziwa, lakini kila mvuvi anajua ipo, na mchoraji anayeweka nyeusi pana chini ya ukanda mwembamba wa buluu anachora jambo la kweli kuhusu Tanganyika. Picha ya kamera ya simu haiwezi kulifikia.

Kitu kingine ambacho kamera hukikosa ni mwendo wa ukingo wenyewe. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika kwenye mdomo wa mto Lukuga mwaka 1874, aliukuta umezibwa na majani na tope, maji yakipita kwa shida. Mwaka 1879 Edward Hore na Joseph Thomson waliukuta mto umejaa nguvu: kizibo kilikuwa kimevunjika na ziwa lilikuwa linajimwaga kwenda mto Lualaba, likishuka kimo mwaka hadi mwaka. Lukuga ndio mlango pekee wa maji ya ziwa hili kutoka. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakaingia kwenye nyumba za ufukweni, na watu wakahama na milango yao. Kwa hiyo anayechora Kalemie kwa kuweka mstari mmoja uliotulia kati ya nchi na maji anaeleza mji ambao haujawahi kuwapo. Ningependa kuona picha ambayo mstari huo umefutwa mara kadhaa na kupigwa upya, na alama za kufutwa zimeachwa zionekane.

Mpinzani atasema: haya mambo yanaeleweka kwa aliyesoma, lakini mtu wa kawaida anataka kuona kitu. Ni hoja ya haki, na Katanga imekuwa na jibu lake tangu zamani. Watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipochunguza picha zilizokuwa zikitundikwa sebuleni Lubumbashi na miji jirani miaka ya 1970, waligundua kwamba wenyeji hawakuzipima kwanza kwa uzuri. Waliuliza kama picha inaleta ukumbusho. Picha ya mambamuntu (nguva), ya kijiji cha kale, ya askari wa wakati wa Mbelgiji akisimamia viboko: kila moja ilitundikwa ili ikianza kutazamwa, mazungumzo yaanze. Picha za mandhari zilikuwemo kwenye soko hilo, kijiji na mto na miti, zimechorwa mara nyingi juu ya kitambaa cha gunia la unga. Kipimo kilikuwa kumbukumbu, na hilo ndilo ninaloling'ang'ania: kumbukumbu haijawahi kudai mfanano.

Ushahidi wangu ni lukasa.

Lukasa ni ubao wa mti unaotosha kiganjani, umebanwa kiunoni, uliojaa shanga upande mmoja, pengine na kauri, na michoro ya kukata upande wa mgongoni. Ulikuwa mali ya Mbudye, chama cha watu waliokabidhiwa kumbukumbu za ufalme wa Waluba. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akisimulia: njia walizopita wahenga, makao ya wafalme, mahali patakatifu, nani anakaa upande gani katika baraza. Thomas Reefe, aliyeandika juu ya ubao huu mwaka 1977, alieleza sarufi yake kwa ufupi. Ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogo unaweza kuwa mtawala na watu wake; mstari wa shanga ni njia au safari; ushanga ulio peke yake ni mtu mmoja. Hakuna mlima uliochorwa. Hakuna mto wala paa la nyumba. Hata hivyo nchi nzima imo humo, na mwenye kujua anaitembea kwa kidole.

Rangi katika lukasa ina kazi nzito. Katika simulizi za Waluba, Nkongolo Mwamba ni mfalme mwekundu, mkatili na mlevi asiye na adabu, naye huwekwa kwa ushanga mwekundu. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetokea mashariki akaleta ustaarabu wa kifalme, ni mweusi anayeng'aa. Ukisogeza kidole kutoka wekundu kwenda weusi umebadilisha zama na umebadilisha sheria. Mchoraji wa leo anayepigana na swali la iwapo nyekundu iwe juu au chini ya picha yake angefaidika kukaa kidogo na ubao huo. Umbali ndio tatizo. Lukasa mojawapo nzuri iko katika makumbusho ya Brooklyn, New York, na nyingine zimetawanyika Ulaya. Waluba wa Manono na Kabalo wako katika mkoa huu wa Tanganyika, ambao makao yake makuu ni Kalemie tangu mikoa mipya ilipoanzishwa mwaka 2015, lakini kijana wa Kalemie anayesoma sanaa ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona lukasa kwenye skrini ya simu kuliko kwa macho.

Kusini mwa mji, kuelekea Mpala na Moba, Watabwa nao walikuwa na njia yao. Umbo lao ni pembetatu: safu za pembetatu zenye pande mbili sawa, giza na mwanga zikipokezana, zilizochongwa kwenye viti, zikafumwa kwenye vikapu na mikeka, zikachanjwa mwilini, zikashonwa kwa shanga kwenye nkaka, taji la waganga wa ibada ya Bulumbu. Safu hiyo wanaiita balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya. Mtaalamu wa Marekani Allen Roberts, aliyeishi Lubanda karibu na Mpala katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi pembetatu hizo zinavyobeba mabadiliko ya giza na nuru, na jinsi mstari wa katikati ya mwili unavyosomwa pamoja na mgongo wa nchi unaogawa maji ya mito, na pamoja na ukanda mweupe wa nyota angani. Mwili, nchi na anga vimekunjwa ndani ya mstari mmoja. Sijui kama kuna mandhari iliyofupishwa kwa ujasiri kuliko hiyo.

Nasi tunajua zilikokwenda nyingi za kazi hizo. Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyejenga kituo Mpala mwaka 1883, alituma watu wake Desemba 1884 wakamuua chifu Lusinga. Kichwa cha Lusinga na sanamu ya mababu zake vilisafirishwa Ubelgiji; sanamu hiyo ipo katika makumbusho ya Tervuren. Mjadala wa kurudisha mali hizo ni mrefu na una makala zake. Hapa nasema tu kwamba mtu anayedai udhahania uliletwa ziwani na meli za Wazungu, ameusoma mzigo kinyume. Meli ziliuchukua.

Mwezi wa Watabwa unaonekana Kalemie hadi leo kwa mtu asiyewahi kusikia neno balamwezi. Wavuvi wa ndagala na mikebuka hutoka usiku wa giza, wakitumia taa kuwavuta samaki juu. Zamani zilikuwa karabai, sasa taa za betri zimeenea. Mbalamwezi ikikolea, taa hazina nguvu mbele yake, na kazi husimama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ziwa lina kalenda ya nukta. Kuna usiku wa nukta nyingi za njano juu ya weusi mtupu, na kuna usiku mweupe usio na nukta hata moja. Mji mzima unaishi kwa mzunguko huo, kuanzia bei ya ndagala sokoni hadi madeni ya dukani. Picha mbili zilizotundikwa pamoja, moja ya nukta na nyingine tupu, zingeelezeka kwa muuza samaki yeyote bila mwongozo wa makumbusho.

Nukta ziliwahi kupata wachoraji wake. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ikajulikana kama Hangar. Alikuwa na mawazo ya kikoloni ya kutosha kuhusu "roho ya Mwafrika", na hatupaswi kumtakasa. Lakini alikataa kufundisha mtazamo wa Kizungu wa karibu kubwa na mbali ndogo, na hilo liliacha mlango wazi. Bela Sara, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole, doa juu ya doa. Pilipili Mulongoy alijaza samaki, ndege na mamba katika nafasi isiyo na mbingu wala ardhi. Majani na nukta hufika hadi ukingoni, na jicho halipati pa kupumzikia. Mwenze Kibwanga ndiye ninayempenda kuliko wote. Alitumia rangi chache za udongo, nyeusi na nyeupe, akazipiga kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, mtu na mnyama na nyuma yao vyote kwa mkono uleule. Mwindaji wake hatenganishwi na pori. Ukisogea karibu mno unapoteza mnyama na unabaki na mistari. Ukirudi nyuma mnyama anarudi. Hiyo ndiyo hali ya macho ya mtu aliye porini kweli, na Mwenze aliipata kwa umbo tu, bila kuchora mti mmoja kwa ukamilifu.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Laurent Moonens alikuwa ameanzisha chuo cha sanaa katika mji huohuo, chenye masomo ya kawaida ya uchoraji, na karakana ikaishia kumezwa humo. Ninapita haraka, kwa sababu mtu wa kumalizia sehemu hii ni Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki 1985. Alifanya kazi Lubumbashi, pembeni ya soko na pembeni ya mtindo, akichora watu wembamba waliojazwa nukta na mistari ya rangi kali juu ya uwanda uliotulia. Moja ya kazi zake za mwishoni mwa miaka ya 1970 inahusu kalenda ya mwezi ya Waluba. Mwaka 2015 kazi zake zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier, pamoja na za Pilipili na Mwenze. Kwangu Mode Muntu anaonyesha kwamba barabara kutoka lukasa hadi kwenye karatasi ya kisasa haikukatika. Ilipita uchochoroni tu.

Ulaya nayo ilifika kwenye swali la kuchora mahali kwa rangi na umbo tu, kwa njia zake. Mwaka 1914, mwaka aliozaliwa Pilipili, huko St. Petersburg alizaliwa Nicolas de Staël, aliyekuja kuishi Ufaransa. Mwaka 1953 alisafiri Sicilia, na aliporudi alichora Agrigento kwa vipande vichache vya rangi vilivyopakwa bapa: anga inaweza kuwa nyekundu au nyeusi, nchi ya njano, na mistari michache inayokimbilia mahali pamoja. Anga ya Sicilia si nyekundu mchana. Lakini joto lake ni jekundu, na yeyote aliyewahi kutembea kwa miguu saa nane mchana kwenye udongo wa Kalemie atamwelewa bila mkalimani. Kuna kanuni ya zamani ya wachoraji kwamba rangi za moto husogea mbele na za baridi hurudi nyuma. Kalemie inaitii kanuni hiyo kwa asili: udongo mwekundu uko miguuni, buluu iko mbali. De Staël anatukumbusha kwamba mchoraji ana ruhusa ya kuigeuza. Weka nyekundu juu na buluu chini, na ghafla wewe ndiwe uliye majini ukitazama mji, yaani uko kwenye mtumbwi wa mvuvi anayerudi asubuhi, jua limempiga mgongoni na vilima vinawaka mbele yake. Wazee wa Hangar hawakufundishwa kanuni hiyo, na sioni kama waliikosa.

Kuhusu macho ya wenyeji, sina wasiwasi nayo. Kalemie ilikuwa na Filtisaf, kiwanda kikubwa kilichosokota na kufuma pamba tangu enzi mji ulipoitwa Albertville, na hata sasa ukisimama sokoni unaona kilomita za vitenge vyenye duara, mawimbi, miraba na matone yasiyoiga kitu chochote. Mama anayechagua kitenge hamuulizi muuzaji, "Hiki kimechora nini?" Anakipima kwa bega, anaona kama njano yake inapigana na kahawia, anajua kipi ni cha msiba na kipi cha harusi, analipa. Huo ni ukosoaji wa rangi na umbo wa kiwango cha juu, unaofanyika kila siku kwa sauti ya kawaida. Mama huyohuyo akiingizwa kwenye ukumbi wenye picha dhahania ukutani, ataambiwa haelewi sanaa. Nani amemwambia hivyo, na kwa faida ya nani?

Pamoja na haya yote, siwatetei wavivu. Udhahania una kichaka chake cha kujifichia. Mtu anamwaga makopo matatu ya rangi ya ukutani juu ya kitambaa, anaiita "Hisia", na akiulizwa anajibu kwamba kila mtazamaji aone anachoona. Lukasa haikuwa hivyo. Msomaji wa Mbudye alipitia daraja za mafunzo kabla ya kuaminiwa nayo, na ijapokuwa ubao uleule ungeweza kusomwa tofauti kulingana na msomaji, hadhira na siku, haukusomwa ovyo. Pembetatu za Watabwa zimepimwa. Mistari ya Mwenze imelala upande mmoja kwa nidhamu ya mfumaji. Mandhari dhahania inadai kutazama kwingi kuliko mandhari ya kawaida, kwa sababu mchoraji amejinyima msaada wa mnazi. Lazima ajue kijivu cha Agosti kina buluu kiasi gani na moshi kiasi gani, la sivyo atapata rangi ya simenti.

Jaribio ninalopenda ni jepesi. Mchoraji aulizwe: hapa ulisimama wapi, mwezi gani, saa ngapi? Aliyetazama atajibu papo hapo. Atasema alikuwa juu ya mdomo wa Lukuga, Machi, mvua imetoka kupiga, na ukanda huu wa matofali ni udongo uliokuwa unaingia ziwani. Aliyemwaga makopo atakuzungushia falsafa.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyechora historia ya nchi hii katika picha mia moja na moja, alimaliza kila picha kwa kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Fabian, kati ya mwaka 1973 na 1974. Picha zake ni za watu na matukio, mbali na udhahania. Lakini desturi aliyoifuata ni ileile ya kidole juu ya shanga, na wauza vitenge wanaoyapa majina maua yasiyo maua wanaifuata pia. Kwenye kumbi za Ulaya mchoraji dhahania mara nyingi huandika chini ya kazi yake kwamba haina jina, na hilo linahesabiwa kuwa uungwana. Hapa ziwani ningemshauri asifanye hivyo. Ageuze kitambaa, aandike nyuma kwa kalamu isiyofutika jina la mahali, mwezi, na mwelekeo wa upepo, kisha awe tayari kukaa na mnunuzi kwa muda wa kumaliza chai, akimwonyesha kwa kidole ni wapi hapo maji yanaanza.